Masomo Niliyomchagulia Binti Yangu

Mimi niliishia darasa la nne pale Nyamiaga, karibu na mpaka, na sioni nilichopoteza. Wakimbizi walipoanza kuvuka mpaka, wenzangu waliona balaa. Mimi niliona soko. Siku ya mgao wa chakula kambini mahindi yalishuka bei, maana kila mkimbizi alitaka kuuza kidogo apate chumvi na sabuni. Niliyanunua. Kabla ya mgao mwingine njaa ilikuwa imesharudi, nami nikawauzia mahindi yao wenyewe. Wale wenye maduka wa Biharamulo, wajukuu wa watu wa pwani, waliokuwa wakiniita mchunga mbuzi, leo nikiingia wananisogezea kiti.

Kwa hiyo binti yangu alipomaliza kidato cha sita akasema anataka kwenda chuo kikuu kusoma hisabati na takwimu, nilicheka hadi mama yake akatoka jikoni.

"Takwimu za nini? Utahesabu mikungu ya ndizi?"

"Baba, nataka baadaye nisome shahada ya pili ya hesabu za fedha. Kukokotoa bei zinavyopanda na kushuka, na hatari yake. Mwalimu anasema huko hawachukui mtu wa biashara tupu. Hisabati kwanza, takwimu, kompyuta. Biashara mtu anajifunza mbele ya safari."

"Huyo mwalimu wako ana hata baiskeli?"

Akachukua ufagio, akaanza kufagia ua.

"Haya, msomi," nikamwambia. "Nakupa nusu ya mahindi yaliyomo stoo. Uza siku utakayoona wewe bei imefika juu. Ukinishinda, kasome hisabati zako. Ukishindwa, ni biashara, na sitaki kelele."

Alifurahi, maskini. Alishinda kambini akiwauliza akina mama mgao huchelewa lini, na mvua ikikata barabara inakuwaje. Akarudi na hesabu zake. "Malori ya mgao yatachelewa, Baba. Mimi nangoja."

Mimi nikauza yangu siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi malori yakaingia, bei ikaporomoka.

Nilimkalisha kando ya barabara auze mahindi yake kopo kwa kopo, juani, wasichana aliosoma nao wakipita na kumtazama. Jioni ndipo nilipomwambia kwamba dereva wa lori la mbele alikuwa amekula kwangu siku ile niliyouza, akaniambia wenzake wako njiani.

"Basi wewe ulijua, Baba," akasema. "Hukukisia. Mimi nilikisia vizuri kwa kile nilichokuwa nacho. Huwezi kusema hesabu imeshindwa."

"Soko haliulizi ulikuwa na nini. Biashara."

"Nakuomba, Baba. Nikisoma hiyo, kule mbele nitafungiwa mlango."

"Ada inatoka mfuko gani? Mlango ni wangu."

Akasoma biashara. Alifaulu sana, sikatai, ile ni damu yangu. Akaomba hiyo shahada ya pili kwenye vyuo vya nje. Siku moja akanipigia simu analia.

"Wote wamenikataa. Wanauliza hisabati iko wapi."

"Si una cheti?"

"Cheti cha biashara, Baba. Nataka nianze upya, mwaka wa kwanza, nisome hisabati. Nisaidie tu, sitakuomba kitu kingine."

"Mama, kuanza upya ni kazi ya waliofilisika. Mimi sijafilisika. Rudi, duka langu jipya la Biharamulo halina mtu."

Wakati huo kambi zilikuwa zimefungwa, nami nilishahamia kwenye saruji na mabati. Akakata simu. Kisha akarudi.

Yuko pale kaunta mpaka leo, anapima misumari kwenye mizani, na wateja wanamwita msomi huku wakikonyezana. Nikiingia asubuhi ananiamkia shikamoo bila kuinua uso. Naitikia marahaba, namuuliza ya inchi nne imebaki kiasi gani. Ananijibu hapo hapo, bila kugeuka kutazama rafu.