Niliosha throttle body ya gari la mama mara tano kwa wiki moja

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wale wa upande ule mwingine, habari zenu.

Naanza na kosa lenyewe. Niliosha throttle body ya gari la mama mara tano ndani ya wiki moja, na baada ya ile mara ya kwanza haikuwa chafu tena.

Nitasimulia ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Niko Isiolo, Bulla Pesa. Mama yangu hununua maziwa ya ngamia kwa kina mama watano wafugaji kule Kulamawe, anayauza hapa mjini. Dereva ni mimi. Fundi pia ni mimi, kwa kujifundisha na video za simu.

Shida ilikuwa sailensa, yaani ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Linatetemeka, linapanda, linashuka. Nikipunguza mwendo kwa bampu, limezima.

Ijumaa moja lilizima tukielekea Kulamawe na likakataa kabisa kuwaka. Jumamosi tena. Siku zote mbili wale kina mama walibaki na maziwa yao juani mpaka yakachacha.

Jioni mmoja wao, Mama Diba, akapiga simu. Mama akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Mama Halake, hatuna ugomvi na wewe. Lakini maziwa haijui kungoja. Wiki hii tunapatia mtu wa pikipiki. Jumamosi ijayo kama gari yako haijafika asubuhi, basi abaki nayo yote."

Mama alikata simu akaenda kuosha jerikeni zake tupu. Afadhali angenitukana.

Jumapili nikanunua spray ya kusafisha, nikachukua mswaki wa zamani. Nikatoa terminal ya betri, ile ncha ya waya wa umeme, kwa usalama, kama video ilivyosema. Nikafungua ile bomba ya hewa, na throttle body hiyo hapo. Kwa wasioijua, ni koo la chuma lenye kifuniko kidogo kinachofunguka na kufungika, hewa ikipita kwenda kwa injini.

Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikafurahi! Ugonjwa nimeuona kwa macho.

Nikasafisha, nikarudisha kila kitu, nikawasha.

Mbaya kuliko mwanzo. Injini inanguruma juu kama ya lori, inashuka karibu kuzima, inapanda tena. Sikuvumilia hata dakika moja. Nikazima.

Hapa nikiri jambo. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuangalia kama kufuli imefungwa. Gari likinguruma vibaya naliona kama linanishtaki kwa majirani. Kwa hivyo sikufikiri, nilijiambia tu kwamba kuna uchafu nimeacha.

Jumatatu nikatoa terminal, nikaosha tena. Kelele ileile, nikazima.

Jumanne vilevile.

Jumatano niliingia na vijiti vya kusafisha masikio. Mama alikuwa pembeni akifukiza jerikeni zake kwa moshi wa kuni, vile wafugaji wanavyofanya ili maziwa yakae bila kuharibika.

"Halake, hicho kitu utatoboa."

"Mama, bado kuna weusi."

"Weusi uko kwa kichwa yako."

Alhamisi, mara ya tano. Kitambaa kilitoka cheupe kabisa, na gari bado linaruka. Nilikaa chini kwa changarawe. Kesho yake ni Ijumaa, halafu Jumamosi ndiyo hiyo.

Ijumaa nikameza kiburi, nikalipeleka likirukaruka kwa Mwenda, fundi mmoja Mmeru ambaye nilikuwa namdharau kwa sababu anapangusa spana kwa suruali. Alisikiliza akiwa anatafuna miraa, hata boneti hakufungua.

"Umeosha throttle?"

"Mara tano."

"Mara ngapi?!" Akawaita wenzake. "Njooni muone mtu anaosha gari ndani kuliko nje!"

Wakacheka vizuri. Halafu akauliza, "Na terminal ya betri?"

"Nilitoa kila mara."

"Na ukiwasha unaacha inguruma muda gani?"

"Nazima mara moja. Inapiga kelele."

"Kijana yangu, kompyuta ya gari inajua hewa ya throttle chafu. Ukiosha, lazima ijifunze upya. Ukitoa terminal inasahau hata ile kidogo imejua. Wewe umeifukuza shule mara tano."

Akaniambia niwashe, nizime AC na taa, nisiguse pedali ya mafuta. Likaanza kelele. Mkono wangu ukaenda kwa funguo wenyewe.

"Toa mkono! Shuka, simama pale."

Nilisimama pale nikisikiliza dakika kumi ndefu kuliko mfungo. Linapanda, linashuka. Kisha linapanda kidogo tu. Kisha likatulia.

Nilipomweleza mama, hakushangaa hata kidogo.

"Ni kama ngamia amebadilishiwa mkamuaji. Anazuia maziwa mpaka azoee mkono. Na wewe kila siku unampelekea mkono mgeni, halafu unakimbia."

Jumamosi tulifika Kulamawe mapema. Mama Diba alikuwepo na wenzake wawili. Wale wengine wawili walikuwa pembeni, wameshapatana na mtu wa pikipiki. Mama aliwasalimia vizuri na hakuwabembeleza. Mimi nilishindwa kuwaangalia.

Somo nililopata, wakuu: ukishaosha vizuri, sehemu iliyobaki si ya kuosha, ni ya kungoja. Na magari hayafanani, mengine yana utaratibu wake wa kufundishwa, kwa hivyo uliza kabla hujarudia kosa langu.

Wenye uzoefu, nyinyi mkisafisha mnatoa terminal au mnaiacha? Na mwenye kunicheka acheke, nimeshazoea kwa Mwenda.

Siku hizi naosha mara moja, nawasha, na sigusi kitu mpaka sailensa itulie. Mama ananunua maziwa kwa watu watatu, si watano tena.