Mkono Begani

Juzi binti yangu alikuta picha yangu ya utotoni, nimesimama na mama sebuleni kwetu Kasulo. "Nkambo alikuwa anakupenda sana," akasema, akimgusa bibi yake pichani. "Angalia vile anakukumbatia."

Mchana tuliopigwa picha ile nyumba ilinuka udongo mbichi. Nyuma yangu lilining'inia pazia la maua, na nyuma ya pazia kulikuwa na shimo ambamo baba alichimba madini ya kobalti. Nyundo ya baba ilisikika chini ya sakafu.

"Mama, mutoto arudie nyuma kidogo," mpiga picha akasema.

Mama akatabasamu, akanibana bega mpaka likauma. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimechafua gauni.

Nikataka kumweleza binti yangu kwamba mama hakunikumbatia, alinizuia nisitumbukie. Nikaiangalia tena ile picha.

"Ni bya kweli," nikamwambia.