Timu ya Kumgeuza Mama

Jirani wa Kasoki, pale mtaani Mount Druitt, ughaibuni, hulea wazee kwenye nyumba ya wazee. Msimu wa futiboli ya Kimarekani ukikaribia, huegemea uzio, barakoa kidevuni, akiwakagua wachezaji wa timu anayoishabikia kwenye simu kana kwamba anawaajiri kazini kwake. Mmoja shingo ilishahamia mabegani bila kuaga. "Huyu atamvuta mzee kwa mkono. Aachwe." Mwingine mpana kama friji mbili. "Kucha ndefu. Aachwe."

Mama yake Kasoki analelewa kwenye nyumba hiyo hiyo ya wazee, na tangu korona ifunge milango Kasoki hajamwona. "Na mama yangu, kaka, nani kati yao angemgeuza kitandani asipate vidonda?"

Jirani akaipitia timu nzima upya, taratibu, mpaka wapiga mateke. "Hakuna. Leo nimemgeuza mwenyewe, akanitukana mimi na ukoo wangu wote."

"Basi ni mzima," Kasoki akasema, akaenda kuinjika maharage.