Pancha Tatu za Etelka

Kutoka mlango wa Etelka hadi jiko la shule ni kilomita saba, na kwa miaka kumi na tisa alizikata kwa baiskeli. Nchi ile ni bapa kama sinia, kilima chake ni upepo tu. Yeye ndiye aliyewasha majiko saa kumi na mbili kamili asubuhi, maana supu ya mifupa haina haraka na watoto wana njaa saa sita.

Mumewe, Vendel, alifariki mwezi wa tatu. Alimwachia kuku na bata, mbwa kiziwi, na baiskeli ambayo Etelka hakuwahi hata kuigeuza magurudumu juu. Pancha zilikuwa kazi ya Vendel.

Mjane wa huko huvaa nyeusi mwaka mzima: koti, kitambaa cha kichwani, soksi, vyote. Aliyeuhesabu mwaka huo ni Jolán, wifi yake. Kila Jumapili alikuja na keki ya mbegu za popi, akakaa saa nzima jikoni huku macho yake yakitafuta uzi wa rangi. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Ila hakukuwa na mwingine aliyebisha mlango ule.

Majira ya joto hayakuwa na shida, saa kumi na moja kumeshapambazuka. Mwezi wa kumi na moja ukaja na giza na ukungu, na madereva wakawa hawamwoni. Asubuhi moja polisi alimsimamisha. "Mama, nimeona pumzi yako tu. Ningedhani ni birika limeachwa barabarani." Tangu hapo Etelka akisikia injini alitoka kwenye lami, akaingia mchangani mpaka gari lipite.

Ndipo pancha zikaanza. Ya kwanza aliikokota baiskeli hadi shuleni, akachelewa dakika arobaini. Ya pili alikuwa na tyubu mpya mfukoni, akaibadilisha kwa shida, na kabla hajafika kanisani nayo ikalala.

Hermina, mkuu wa jiko, alimngoja mlangoni. "Mama Etelka, watoto mia na ishirini hawali visingizio. Ikitokea ya tatu, kazi nampa huyu jirani anayeishi mbele ya geti la shule."

"Miaka kumi na tisa, niliwahi kukosa?"

"Hukukosa. Ndiyo maana nimesema ya tatu, sikusema ya pili."

Alasiri hiyo alikwenda kwa mzee Ambrus, fundi baiskeli. Alitaka afundishwe kutengeneza pancha, na mzee alitaka bata kuwa malipo.

"Jogoo," alisema Etelka.

"Majogoo wako nawajua, ni mifupa na kelele. Bata."

"Bata, lakini na tyubu mbili juu yake."

"Vendel aliniambia wewe mpole. Alinidanganya. Haya, lete hilo tairi."

Akampa vijiko viwili vya kubandulia tairi, akamwonyesha kupitisha kidole ndani ya tairi polepole, duara zima, kutafuta mwiba uliobaki, kabla ya kuweka tyubu mpya. Kwenye baridi ya barafu usibandike kiraka njiani, alisema, gundi haishiki. Badilisha tyubu, kiraka utaweka nyumbani karibu na moto. Betri ya tochi ya kutengenezea ikae kifuani, si kwenye baiskeli, baridi isiiue. Kisha akaanza kung'oa miiba kwa koleo, akiihesabu. Ilifika kumi na mmoja.

"Mbigili yote hii! Unapita shambani kwa watu?"

"Napita barabarani."

"Mbigili haioti kwenye lami, mwanangu."

"Gari likija natoka. Hawanioni."

Ambrus akamtazama toka kitambaa hadi viatu. "Hata mimi ulipoingia nilidhani upepo umefungua mlango. Sasa sikia. Ningekuuzia tyubu mpaka nife, nami ningeshukuru. Lakini ukitaka pancha ziishe, vaa hiki." Akatungua msumarini kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa.

"Niko kwenye mwaka wa nyeusi, mzee."

"Vendel haoni."

"Jolán anaona."

Alikichukua, akakivaa kila siku. Alikivaa chini ya koti.

Pancha ya tatu ilimpata wiki ya pili ya Desemba. Lori lilipiga honi mgongoni kwake, akaruka mchangani, na nyuma pakapiga pssss. Zilibaki dakika thelathini na tano kufika saa kumi na mbili. Akaigeuza baiskeli. Koti lilimbana mabega asiweze kubandua tairi, akalivua, akalitundika kwenye nguzo ya kilomita, akapiga magoti katika baridi iliyouma hadi kwenye meno. Kidole kikazunguka ndani ya tairi, kikakuta mwiba, akautoa. Tyubu ikaingia. Alikuwa anapiga pampu, pumzi zinamkatika, gari lilipotokea kwenye ukungu. Lilipunguza mwendo likiwa bado mbali, likavuka mstari wa katikati, likapita upande wa pili kabisa.

Lililofuata likafanya vilevile.

Etelka akajitazama kifuani. Akavua kizibao, akalivaa koti, kisha akakivaa kizibao juu yake, akarudi kwenye lami na hakutoka tena.

Ilikuwa siku ya misa ya alfajiri, ile ya kungojea Noeli, na alipopita hapo watu walikuwa wanaingia kanisani. Jolán alisimama ngazini na mshumaa wake.

"Miezi mitatu tu ilibaki," alisema.

"Wifi, majiko yananingoja."

"Jumapili usiniwekee chai."

Etelka hakushuka kwenye baiskeli. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne alikuwa amepiga kiberiti. Hermina aliingia, akatazama saa ya ukutani, akatazama majiko.

"Vua hicho kitu, kinaniumiza macho," alisema, akaanza kumenya viazi.

Saa kumi jioni giza lilikuwa limeshashika. Etelka alirudi akishika katikati ya upande wake wa barabara. Magari yote yalimwona. Yalimpisha mbali, moja baada ya jingine, kilomita saba nzima, mbali kiasi kwamba hapakuwa na aliyeweza kumtambua ni nani.