Mbio za Shemeji Ferdinand

Shemeji yangu Ferdinand Lassègue alikuwa mwoka mikate, na watu husema miguu yake ndiyo iliyomponza. Uongo mtupu! Kilichomponza ni mdomo, tena si wake.

Alizaliwa nyuma ya tanuri, mjini kwetu kando ya mto Adour, akakua akipeleka mikate mbio kabla haijapoa. Mita mia alizimaliza kwa sekunde kumi na moja, na kombe la Bordeaux alilitwaa akiwa bado na unga kwenye nyusi. Raga ilipoingia mjini tukampa nafasi ya winga, na kazi yetu wengine ikawa kumtafutia mpira tu. Aliitwa hata timu ya taifa. Walifungwa vibaya, kama ilivyokuwa kawaida siku zile.

Sasa, huku kwetu mtu wa ng'ambo ya mto akijisifu, huwezi kunyamaza. Ni ugonjwa. Wao wana timu yao, na winga wao alikuwa jamaa mmoja mrefu, Cazaubon. Siku za mechi hata mama zetu walitukanana darajani. Na mimi, Gratien, nilikuwa hodari wa kutukana kuliko wote.

Agosti 1914 kengele za kanisa zililia Jumamosi mchana, wala hapakuwa na misa: vita vimeanza, wanaume tunaitwa jeshini. Dada yangu Mayi, mke wa Ferdinand, alikuwa na mimba ya miezi sita. Stesheni alinishika shati.

"Gratien, wewe unaropoka sana."

"Mimi tena?"

"Wewe! Huko mwendako asijulikane kwamba ana mbio. Wenye mbio ndio wanaotumwa kwenye risasi. Mwache aoke mikate yake. Niapie."

Nikaapa. Ferdinand akacheka, "Mke wangu ananificha kama kuku wa Krismasi." Mayi hakucheka.

Miezi ikapita. Ferdinand alikuwa jikoni, nyuma yetu, nami handakini. Kila wiki mizinga ilisikika karibu zaidi, na kila wiki mkate uliobaki bila mlaji uliongezeka. Nilikuwa nikimhesabia siku kimoyomoyo, nikiogopa.

Asubuhi moja ya Februari waya wa simu ukakatika. Kapteni akatujia na karatasi ya ujumbe mkononi.

"Nani ana mbio?"

Kila mtu akatazama viatu vyake. Cazaubon, ambaye kwa bahati mbaya tulikuwa naye kikosi kimoja, akasimama.

"Mimi, Kapteni. Pande zote mbili za mto wetu, hajazaliwa wa kunipita."

Jamani! Damu ikanipanda kichwani. "Hajazaliwa? Shemeji yangu alikuacha mita tano uwanjani kwenu, na mama yako anaangalia!"

Watu wakaangua kicheko, hata Cazaubon mwenyewe. Kapteni hakucheka.

"Huyo shemeji yako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokikumbuka kiapo. "Ni mwoka mikate tu, Kapteni."

"Nimeuliza yuko wapi."

Ferdinand akaletwa, anajifuta unga mikononi. Akaniangalia.

"Shemeji, umenitaja?"

"Nilikuwa nabishana na Cazaubon."

"Aa," akasema, "basi hukuwa na la kufanya." Akavua koti, akanipa nilishike.

Alikwenda, akarudi, upesi mno hata tukampigia makofi kama tuko uwanjani. Mungu anisamehe, na mimi nilipiga. Kapteni akatazama saa yake, akafurahi, akaandika karatasi nyingine. Halafu nyingine. Mara ya tatu Ferdinand alirudi anachechemea na hakumtazama mtu. Mara ya nne tulimwona akifika katikati ya shamba la viazisukari, na hapo ndipo makofi yalipokatika.

Nilimpelekea Mayi lile koti. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Nani alimtaja?"

Nikasema, "Cazaubon."

Miaka kumi na moja sasa. Kila siku ya soko Mayi akikutana na Cazaubon darajani humtemea mate miguuni, na binti yake naye amejifunza kutema. Cazaubon anajua ukweli wote. Huvua kofia yake, humwambia, "Pole, mama," kisha hunitazama mimi, na huenda zake.