Bakuli la Sentimita

Huyu fundi mwashi walimwita Sentimita, kwa sababu hata chai ungedhani anaipima kabla ya kuinywa. Basi mama mkwe wake alipoamua kuwa Mkristo uzeeni, akajiunga na kanisa dogo nyuma ya gereji, mchungaji wa pale alimwita fundi akamwambia, "Tujengee mahali pa kubatizia. Mama yako ndiye wa kwanza, Jumapili ya Pasaka."

Sentimita hakuuliza kitu. Aulize nini? Yeye alibatizwa akiwa kichanga, kwenye kanisa la kwao wanakomimina maji kidogo kichwani, mtoto akiwa juu ya beseni la kufulia, na picha anayo. Akajenga bakuli la zege juu ya nguzo, akalivalisha vigae vyeupe, akalisugua mpaka likang'aa kama meno ya kwenye tangazo.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akaja kulikagua. Mwanamke mwenye mwili wake, na ulimi usiopungukiwa. Akalizunguka, akachovya kiwiko.

"Mkwe wangu, kiwiko kimeenea. Mimi mwenyewe nitaingilia wapi?"

"Si kichwa tu, mama?"

"Kichwa tu! Kwani Yesu walimzika kichwa?"

Mchungaji alipoliona bakuli, aliketi kwenye benchi akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kosa ni letu sote, alisema. Kanisani kwake wanazamisha mwili mzima: ukishuka majini umezikwa na Yesu, yule mwalimu wa Kiyahudi aliyesulubiwa na Warumi, ukiibuka umefufuka naye, na kufufuka kwake ndiyo Pasaka yenyewe.

"Wakristo tumetapakaa dunia nzima, fundi. Wengine wanamimina, wengine wanazamisha, wengine wanabatiza watoto, wengine wanangoja mtu akue aamue mwenyewe. Lakini wengi wetu maneno ni yale yale: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maneno matamu, ila hayana kina cha maji. Mama alikuwa amewaalika dada zake wote, wale waliomcheka kwamba ameokoka kwa kuogopa kufa. Mto uko mbali, na magoti yake hayataki mabonde.

"Kesho wasipate cha kunichekea," alisema, na safari hii hakutania.

Sentimita akakimbilia kwake, akarudi na tangi kuukuu la plastiki juu ya mkokoteni. Akalikata juu kwa msumeno, akapiga msasa ukingo, akapanga matofali ya ngazi nje na ndani.

"Mama, simama nikupime."

"Unipime kama mlango?"

"Kama mlango, mama. Safari hii sibahatishi."

Jumapili mama akashuka, akazama mzima, akaibuka anacheka kwa sauti. Maji yakafurika yakalowesha viatu vya dada zake, nao badala ya kununa wakapiga vigelegele. Sentimita alikuwa anafuta macho, akisingizia vumbi la saruji, kanisa lote likiwa chapachapa.

"Mkwe!" mama aliita, bado anatiririka. "Lile bakuli lako zuri lipeleke kwenu, mwache kubatizia kwenye beseni la kufulia. Na mjukuu wangu, huyo kichanga wenu, aanze yeye."

"Mama! Si ninyi huku mnasubiri mtoto akue?"

"Kwani nimekataa? Akikua akitaka kuzama, tangi lipo."