Plazma Haitawanyiki Kama Maharagwe

Mwanangu, nakumbuka siku moja katika shule ya jioni pale Majengo, ndevu zimenijaa lakini akili bado ya ujana. Ulikuwa mtihani wa kusema mbele ya darasa, na asiyeshinda anarudia mwaka mzima kabla ya kuiona diploma. Wenzangu walikuwa wakisoma pamoja kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa, makoleo yakiwa bado mikononi. Mimi nilikimbilia nyumbani na kaye yangu, daftari la masomo, nikijiona nina kichwa kikubwa kuliko Nyiragongo, volkano yetu. Debe tupu, unajua tena.

Nikashika chaki. Nikaeleza namna viini viwili vizito vya atomu za madini ya risasi vinavyogonganishwa kwa mwendo unaoukaribia ule wa mwanga, vikayeyuka kuwa plazma ya kwarki na gluoni, zile chembe ndogo kabisa za ndani ya viini, moto ambao mbele yake volkano yetu ni barafu. Kisha nikamalizia, "Halafu kila chembe inajiendea zake, kama maharagwe yaliyomwagika."

Mwalimu, muzee mpole wa Rutshuru, akauliza, "Sasa kwa nini chembe zinatoka nyingi upande huu kuliko ule?"

Jasho lililonitoka lingejaza ziwa Kivu mara mbili. Mwenzangu wa darasa, Mama Furaha, muuza viazi wa Kibumba, akanyoosha mkono.

"Viini visipolengana sawasawa, ule moto unakuwa na umbo la yai. Ni kama kanisa letu refu siku ya Noeli. Watu wamebanana, na kwa ubavu njia ya kutoka ni fupi, basi musukumo ni mukali zaidi huko. Kila mutu anasukuma jirani, wote wanatiririka pamoja."

"Nani alikufundisha?"

"Tulibishana Jumamosi, mwalimu. Papa huyu mwenye chaki alitukimbia, akisema sisi ni wa kubeba mawe tu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Papa, umesoma sana, lakini umesoma peke yako. Njo maana hukuona zinasukumana."

Nikarudia mwaka. Jumamosi iliyofuata nilifika salongo na koleo. Mama Furaha akanisogezea jiwe la kukalia. Leo tumetawanyika, baadhi ya wale wenzangu wako kule Kalengera, wengine sijui wapi, nami natamani hata kelele zao.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukijua jambo, wape wenzako walichokonoe kabla hujalisimamia mbele ya watu, na usimdharau anayekualika kusoma mikono ikiwa na vumbi. Mungu akupe majirani wa kukusukuma mbele, akupe na nguvu ya kuwasukuma wao.